Beseni la Bi Chausiku

Katika kijiji kimoja cha juu ya Matombo, pale barabara inapochoka kuwa barabara na kubaki mawe matupu, hapakuwa na mwanamke aliyejua kuongoza ngoma kama Bi Chausiku. Mwali akitolewa, yeye ndiye anayeanzisha wimbo. Harusi iwe ya Waislamu au ya Wakristo wa misheni, anaitwa yeye. Sauti yake ilikuwa nene, yenye mikwaruzo kidogo, na akishaiachia, waliokuwa wakipalilia ng'ambo ya mto walijua shughuli imeanza na wao wamechelewa. Halafu, bila ugomvi na bila msiba, akaacha kutoka nyumbani.

Watu hawakukosa la kusema. Wapo waliosema ameota maringo uzeeni kwa kuwa mwanawe, Yusuph, amefungua duka la mbegu na mbolea kule Dumila. Wapo waliosema amerogwa sauti. Mwenyewe alipoulizwa alijibu kwamba magoti yanamsumbua, na huyo aliyeuliza akamwona kesho yake akipanda kilima na mkungu wa ndizi kichwani, anatembea kama msichana.

Ukweli aliujua peke yake. Kilichomfungia ndani kilikuwa mkojo. Ulianza kwa kumchokoza tu: akikohoa, tone, akinyanyua ndoo, tone jingine. Baadaye ukawa hausubiri sababu. Akachana kanga kuukuu vipande vipande, akawa anajihifadhi navyo, anavifua alfajiri na kuvianika chumbani nyuma ya mlango, asije jirani akaviona kwenye kamba. Chai ya tangawizi, aliyoipenda kuliko chakula, akaiacha. Maji akanywa kwa kujiiba. Kilichomuumiza zaidi kilikuwa swala. Anatia udhu, anasimama, akirukuu tu udhu umekwenda, anarudi tena kwenye birika. Mwezi wa Ramadhani wenzake walimpitia waende tarawehe, akawajibu kwa ndani, mlango ukiwa umefungwa, kwamba ataswalia nyumbani.

Angeweza kuyavumilia yote hayo lau si jambo la Rosa.

Rosa, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Gabrieli, alikuwa shoga yake tangu wote wawili walipokuwa wasichana wa kuchota maji kwenye chemchemi moja. Mmoja alikwenda msikitini na mwingine kanisani, lakini mashamba yao yalipakana, watoto wao walinyonya huku na huku, na Bi Chausiku alipofiwa na mumewe ni Rosa aliyelala naye mkeka mmoja siku zote za msiba. Sasa Rosa na mumewe, Raphael, walipotimiza miaka hamsini ya ndoa, misheni iliwaandalia jubilei. Rosa hakuomba zawadi. Aliomba kitu kimoja tu: akitoka kanisani, apokewe na sauti ya Mama Yusuph, kama alivyopokewa siku ya harusi yake. Bi Chausiku akakubali.

Siku yenyewe hakuonekana. Alituma salamu kwamba malaria imemlaza. Kesho yake Rosa alipanda na sahani ya pilau iliyofunikwa, aje kumtazama mgonjwa, akamkuta shambani anang'oa magugu, mzima kabisa, jembe liko kando yake. Rosa aliiweka sahani juu ya kisiki, akageuka, akashuka. Tangu siku ile, wakikutana njiani walisalimiana kama watu waliojuana jana kwenye foleni.

Mambo yakawa hivyo hadi ilipokuja habari ya mradi.

Habari yenyewe ililetwa na Janeth, muuguzi wa zahanati, binti aliyehamishiwa pale kutoka Morogoro mjini na ambaye wazee walimpenda upesi kwa sababu alikuwa anapiga magoti akitoa shikamoo hata akiwa amevaa sare. Alipita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba umetokea msaada wa kushughulikia afya za wazee wa kijiji, ila hautoshi kufanya kila kitu kwa mara moja. Itabidi wachague jambo moja la kuanza nalo. Na watakaochagua ni wazee wenyewe, si yeye, si mwenyekiti wa kijiji, si watoto wao walioko mjini.

Aliyeifurahia habari hiyo kuliko wote ni Mzee Pazi, mwenyekiti wa baraza la wazee. Pazi alikuwa dereva wa malori enzi zake, na sauti yake haikuwahi kutoka kwenye kelele za injini. Hata akikunong'oneza, jirani anasikia. Alipenda mikutano kama watu wengine wanavyopenda nyama. Tena alisifiwa kwa jambo moja, kwamba ni mwenyekiti mwenye huruma: kila mkutano unapoanza kupamba moto, yeye husimama na kutangaza mapumziko mafupi ili watu wanyooshe miguu. Safari hii alikwishaamua. Anataka macho. Alizunguka kila kibaraza akieleza kwamba yeye sasa hawezi kumtofautisha mbuzi na mjukuu mpaka mmoja wao aongee, na kwamba wazee wote wakipigania miwani, miwani itakuja. Wajane wa bondeni walitaka meno. Akina mama wa shambani walitaka magoti. Presha nayo ilikuwa na watu wake. Kwa wiki nzima kijiji kilikuwa na joto la uchaguzi, na kila mzee akawa na chama.

Bi Chausiku alipofikiwa na Pazi alimjibu kwamba macho ni kitu kizuri. Alipofikiwa na wenye magoti akawajibu kwamba magoti nayo ni kitu kizuri. Hakukusudia kwenda mkutanoni kabisa. Lakini asubuhi ya Jumamosi, akiwa anafua vile vipande vyake nyuma ya nyumba, Janeth alipita njia ya mkato kuelekea shuleni na kumkuta navyo mkononi. Binti hakushtuka wala hakuuliza. Alisalimia kwa heshima zote, akasema, "Bibi, leo usikose. Hata kama ni kuja kusikiliza tu," akaenda zake.

Bi Chausiku alibaki amesimama na povu mikononi. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameona, na mbingu haikuanguka. Akaingia ndani, akajihifadhi vizuri, akavaa doti yake ya kanga mpya na baibui juu, akatoka.

Mkutano ulikuwa darasani, kwenye shule ya msingi, na wazee walikaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili. Ilikuwa kichekesho. Magoti yalifika videvuni. Mzee Twalibu, mtu wa mwili, aliingia kwenye dawati lake vizuri lakini kutoka ikawa shughuli, ikabidi aachwe humo humo. Bi Chausiku alikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Rosa alikuwa mbele, na pembeni yake ameweka beseni la plastiki la kijani lililojaa ndizi mbivu za kuuza kwa watu wakitoka.

Mbele, juu ya mkeka, Janeth alikuwa amepanga mabakuli manne. Moja lilibandikwa picha ya jicho, la pili jino, la tatu goti, la nne moyo, ambao ndio presha. Kila mzee alipewa punje za maharage. Akaeleza kwamba kila mtu atapita na kutia maharage yake anapotaka. Anayetaka kuyatia yote penye jambo moja, sawa, na anayetaka kuyagawa, sawa pia. Lakini kwanza wazungumze.

Basi wakazungumza. Pazi alizungumza kwanza, na pili, na tatu. Bi mmoja wa bondeni alifungua kinywa na kuwaonyesha wote jino lililobaki, akauliza kama kuna mwenye haja ya ushahidi mwingine. Watu walicheka sana, na Bi Chausiku, aliyekuwa amesahau namna ilivyo raha kukaa katikati ya watu, naye akacheka. Hapo hapo akausikia. Mkojo umetoka.

Alibana mapaja, akainamisha kichwa. Mlango ulikuwa hatua chache tu kutoka alipokaa. Angeweza kuinuka, akaondoka, na hakuna ambaye angegundua. Na yeye angerudi nyumbani, na hiyo ingekuwa ndiyo mara ya mwisho kutoka. Aliitazama shingo ya Rosa kule mbele. Rosa alikuwa anacheka bado, anafuta machozi kwa upindo wa kitenge, na alikuwa amekonda kuliko alivyomjua. Sijui ni hilo lililomsukuma, au ni uchovu tu wa kufua alfajiri. Alijisikia anasema, na sauti yake ile nene ikajaza darasa.

"Muuguzi, mwanangu, hapo kuna bakuli limekosekana."

Janeth akamgeukia. "Bakuli la nini, bibi?"

"La mkojo."

Bi Chausiku alijua kwamba akisita hataweza tena, akaendelea akiwa amekaa vile vile.

"Mimi mkojo unanitoka. Nikicheka unanitoka, nikiinama kuswali unanitoka. Hivi sasa umeshanitoka, hapa nilipokaa. Sina maringo, wala sijarogwa na mtu. Na siku ya jubilei ya Mama Gabrieli sikuwa na malaria. Nilivaa nikaja. Nilifika pale kwenye ngazi za kanisa, nikajaribu kuipasha sauti kidogo ili iwe tayari, ukanitoka wote mpaka viatuni. Nikapita kwenye migomba nikarudi nyumbani. Ndiyo habari yenyewe."

Wanaume walitazama ubao kana kwamba pameandikwa kitu. Bi Chausiku alianza kujilaumu moyoni, akitafuta namna ya kuinuka bila kuonyesha nyuma ya baibui yake.

Ndipo Rosa akasimama. Alilichukua lile beseni la kijani, akazimimina ndizi zote juu ya dawati, nyingine zikadondoka chini asizijali. Akaenda mbele, akaliweka beseni mkekani kwenye mstari mmoja na yale mabakuli manne, akatia maharage yake yote humo. Yakalia kwa kishindo, maana lilikuwa tupu. Kisha akamgeukia mwenzake aliyekuwa kule nyuma.

"Ungeniambia, Mama Yusuph," alisema. "Mimi mwenyewe mwaka wa ngapi huu nalalia taulo."

Raphael, mumewe, aliyekuwa upande wa wanaume, akainua kichwa. "Taulo lipi?"

"Hilo hilo unalolitafuta kila siku."

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwafanya watoto waliokuwa wanacheza mpira nje waje madirishani. Wanawake ndio walioanza, wakacheka mpaka wengine ikabidi washikane, na katika kucheka kule mmoja akakiri, na wa pili akakiri, na bi wa jino moja akasema yeye ameacha kwenda kliniki ya macho Morogoro kwa sababu hawezi kufika na basi hadi stendi ya Msamvu bila kuaibika, kwa hiyo hata wakimletea miwani itabidi wamletee mpaka kitandani. Wanaume walikuwa bado wametulia. Halafu Mzee Pazi alisimama, akavuta koti lake, na kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, akasema kwa sauti ndogo.

"Yale mapumziko ya mikutano," alisema. "Mnajua ni ya nini?"

Hawakujua, ila sasa walijua. Mwenyekiti mwenye huruma alikuwa anajihurumia mwenyewe. Alieleza kwamba kwake si kutoka, kwake ni kukataa kutoka: anakwenda, anasimama, anangoja, anarudi, na hajakaa vizuri anaitwa tena. Alipomaliza, Twalibu akasema kutoka ndani ya dawati lake kwamba yeye usiku halali, ni njia ya chooni na kitandani, na kiu haimwishi, na alikuwa anadhani ndiyo uzee.

Janeth aliwaachia wacheke na waseme mpaka walipotulia wenyewe. Kisha akawaambia maneno ambayo Bi Chausiku alikuja kuyarudia kwa watu wengi baadaye. Alisema huo si uzee na si aibu. Ni maradhi kama mengine, yana sababu mbalimbali, na mengi yana dawa au mazoezi. Wanawake wengi misuli ya chini ya nyonga hulegea baada ya kuzaa na kubeba mizigo mizito miaka mingi, na misuli hiyo hufundishika. Wanaume huenda ikawa ni tezi dume, na hiyo hupimwa. Na mwingine huenda akawa na kisukari bila kujijua. Hapo alimtazama Twalibu. Mabakuli manne, alisema, ndiyo aliyokuja nayo. La tano wameliweka wao, na lina haki sawa na mengine.

Wakaanza kupita na maharage. Waliogopa kutazamwa, kwa hiyo Janeth akawataka wote wageukie ukutani mwenzao anapokuwa mbele. Bi Chausiku alisubiri awe wa mwisho. Rosa alikwishavua kitenge chake cha juu na kumfunga kiunoni bila kuuliza, akampandisha mbele kwa mkono. Alipofika mkekani alikuta beseni la ndizi limeyaacha mbali mabakuli yote. Jicho lilikuwa na punje chache, na ilikuwa wazi kwamba Pazi, baada ya wiki nzima ya kampeni, alikuwa ameisaliti miwani yake.

Kazi iliyofuata haikuwa ya siku moja. Janeth alimleta kutoka mjini mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mchangamfu aliyeitwa Maimuna, akawakusanya wanawake kwenye ukumbi wa misheni na kuwafundisha kubana na kuachia, kubana na kuachia, kama mtu anayezuia upepo mbele ya wakwe. Ndivyo alivyoeleza, na hakuna aliyehitaji kurudiwa. Uzuri wa zoezi lenyewe ni kwamba halionekani. Bi Chausiku alilifanya akikuna nazi, akalifanya akimenya muhogo, akalifanya akimsikiliza Pazi. Wakati mwingine yeye na Rosa walikuwa wamekaa kibarazani wanachambua pilipili manga, wamenyamaza, nyuso zimekaza, na mpita njia akidhani wamegombana tena kumbe wako kazini. Maimuna pia aliwaambia waache kujinyima maji, kwamba kunywa maji machache mno huwasha kibofu na kukifanya kisumbue zaidi. Siku aliyoruhusiwa kunywa chai yake, japo si ya kujaza kikombe, Bi Chausiku aliichemsha ikawa nyeusi ya tangawizi, akainywa taratibu mpaka machicha.

Wanaume waliona haya kwenda kupima, ikabidi Pazi aongoze msafara. Alirudi na dawa ya tezi na habari kwamba si kitu kibaya, na aliitangaza kwa sauti yake ya lori, kijiji chote kikafarijika kwa niaba yake. Twalibu alikutwa kweli na kisukari, akaanzishiwa dawa mapema. Aligoma kuacha kunywa soda hadi mkewe alipoanza kumtangulia dukani na kumkataza muuzaji asimuuzie. Na kwenye stendi ndogo pale chini, gari zinapopakia, kilijengwa choo chenye mlango unaofungika na bomba la kushikilia ukutani, na madereva wakakubali kusimama njiani mzee akiomba, bila kumuuliza mbele za watu.

Si wote waliopona. Rosa bado alikuwa na siku zake mbaya, na alinunua taulo lake mwenyewe, jekundu, ili lisichanganyike na la Raphael. Bi Chausiku naye hakuwa kama msichana. Lakini alikuwa amekuwa mtu wa kutoka tena. Alirudi kwenye safu ya nyuma ya wanawake msikitini. Na ilipokuja shughuli ya kumtoa mjukuu wa bi wa jino moja, walimfuata nyumbani kwake kabla hajafuatwa mwingine.

Kiangazi kilipoingia, Yusuph alipiga simu kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kike, na akamwomba mama yake, kwa namna ya mtu aliyezoea kukataliwa, kama anaweza kufika Dumila kwenye akika. Alisubiri zile sababu za magoti. Badala yake mama yake akamuuliza nyumba ina vitanda vingapi, kwa sababu anakuja na Mama Gabrieli.

Waliondoka asubuhi, na kikapu cha machungwa na mdalasini wa zawadi, wakashuka Msamvu kubadili basi, wakajisaidia kwa utulivu kama watu wenye wakati wao, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakapanda tena. Walipofika Dumila, Rosa alishangaa vitunguu vilivyopangwa barabarani, akataka kununua gunia zima, ikabidi akumbushwe kwamba ndiyo kwanza wamefika. Walikusudia kukaa siku mbili. Siku ya tatu Raphael alipiga simu kuuliza kuku wanalishwa nini, siku ya nne akauliza sufuria kubwa iko wapi, na Rosa, akiwa amempakata kichanga wa Yusuph huku Bi Chausiku akimbembeleza, akamjibu atafute vizuri, kwa maana wao bado wapo wapo.